Ikibiri ya Hisabati

Sauti zilimfikia kabla ya jengo. Ukungu wa Januari ulikuwa umeimeza shule nzima, mlingoti na bendera yake, mikaratusi ya uani, hata njia aliyokuwa akiikanyaga. Lakini kidato cha pili walikuwa humo ndani mahali fulani, wakiimba:

Chanya ukivuka, hasi utageuka,
Hasi ukivuka, chanya utageuka.

Mwalimu Isihaka alisimama akasikiliza. Mistari hiyo aliitunga mwenyewe. Alama ya usawa aliwaambia ni mto, na kila kinachovuka mto huo hakibaki kilivyokuwa. Kengele ilikuwa haijagongwa, na watoto wa watu walikuwa wameshaanza bila kusukumwa. Akajiambia kwamba mwaka huu huenda mzigo ukawa mwepesi.

Alikuwa mtu wa Ujiji, mwana wa kando ya ziwa, na miaka yake kadhaa ilikuwa imeshaliwa na sekondari hii ya kata huku Kibondo. Hisabati ya shule nzima ilikuwa mikononi mwake peke yake. Mkewe Zuleha alikuwa Kasulu, akishona nguo sokoni, na kila Ijumaa jioni Isihaka alimfuata huko, Jumapili akarudi na vumbi au na tope, kadiri msimu ulivyopenda. Mwili ulikaa Kibondo, moyo Kasulu, na usingizi aliuokoteza barabarani.

Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakirudia mwaka alikuwemo Theodosia Niyubahwe, binti wa Mzee Nduwayezu. Novemba iliyopita mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa umemwangusha. Utaratibu ulikuwa mfupi: ukianguka, rudia, ukianguka tena, vua sare. Nduwayezu alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, akakulia hapa, akapata uraia, shamba na biashara ndogo ya maharage, na yote hayo aliyapata bila kumtafuta iksi. Hakuona shule ingemwongezea nini binti ambaye mikono yake ilishaijua kazi. Alimpa mwaka mmoja tu. Aliutamka huo mwaka kama mwenye duka anavyokata kipande cha sabuni.

Theodosia hakuwa na maneno mengi. Alikaa safu ya tatu, karibu na dirisha lisilo na kioo, na alipoandika aliuma ncha ya ulimi. Isihaka alimwangalia, akamwona mtu anayetaka, na kwa mwalimu aliyechoka mwanafunzi anayetaka ni chakula.

Mvua zikashika. Februari, Machi, Aprili, kila ilipofika saa ya hisabati mbingu nazo zilifungua zoezi lao juu ya bati, na sauti ya mwalimu ikafa umbali wa hatua chache kutoka ubaoni. Kila kitu ikabidi akiandike. Mabano akayaandika, milinganyo akaiandika, mafumbo ya umri wa baba na mwana akayaandika, kwa Kiingereza kama kitabu kilivyotaka, kisha kwa Kiswahili pembeni ili yaingie. Nyumbani watoto walisema Kiha au Kirundi. Mpaka iksi iwafikie, ilikuwa imeshapita mipaka mingi kuliko mkimbizi. Jioni mkono wa kulia ulimuuma mpaka begani, na chaki ilikuwa imemkausha koo.

Akimaliza, aliuliza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia ndiyo, kwa sauti moja ndefu iliyoishinda hata mvua. Akauliza kama kuna swali. Likaitikia hapana, kwa sauti ileile. Naye akaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa kunapumzisha. Mazoezi nayo yalimpa moyo. Aliyotoa leo yalirudi kesho yakiwa safi, majibu sahihi toka la kwanza hadi la mwisho, hata ya wale waliokosa masomo kwa sababu ya palizi. Kumwita mtu mmoja mmoja ubaoni kulitaka muda, na muda angeutoa wapi? Alitia alama ya vema, akapiga mwayo, akafungua daftari lingine.

Juni ukaja mtihani wa muhula.

Karatasi alizisahihishia Kasulu, mezani kwa Zuleha, katikati ya vitambaa na nyuzi. Aliziandika sifuri mpaka akaanza kudhani ana kosa kwenye majibu yake mwenyewe. Zuleha aliinua mguu kwenye cherehani, akamtazama.

"Baba, hapo unasahihisha au unachinja?"

Akafungua nyingine. Kila karatasi ilikuwa na swali moja lililofanywa vizuri kabisa, kwa hatua zote, na mengine yote yalikuwa vurugu. Na swali hilo moja halikuwa lilelile. Huyu alijua mabano tu. Yule alijua mafumbo tu. Walikuwa kama watu waliogawana kanzu, huyu kachukua mkono, yule kola, na hakuna aliyevaa.

Ofisini mkuu wa shule, Madamu Winifrida, aliyapitia matokeo akiwa amevua miwani, na kwake kuvua miwani ilikuwa dalili mbaya. Hakuwa mkali. Alikuwa mwanamke aliyechoka kabla ya wengine kuchoka.

"Mwalimu," alisema, "darasa lako linaimba kama kwaya ya Pasaka, na linafanya mtihani kama Ijumaa Kuu."

Walimu wenzake walicheka. Isihaka naye alicheka, kwa sababu mtu asipocheka katika hali hiyo anaonekana ameumia. Lakini aliumia. Alikuwa mtu wa kujivuna kidogo na mistari yake ya mto, na sasa ilimkaa kooni.

Shule zilipofunguliwa Julai, aliingia darasani bila salamu na kumwita Fidele ubaoni. Fidele alikuwa mdomo wa darasa, kijana asiyekosa la kusema hata akiwa amelala. Akapewa fumbo la umri, akalimaliza huku akitabasamu. Akapewa mabano. Akasimama nayo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe.

"Hii siyo yangu, mwalimu."

"Siyo yako, ni ya nani?"

"Ya Theodosia."

Darasa likacheka. Isihaka akamwita Theodosia. Binti akayafungua mabano, moja ndani ya jingine, kwa utulivu wa mtu anayemenya ndizi. Yalipokwisha na ukabaki mlinganyo mtupu wa kutatuliwa, aliiweka chaki chini.

"Hapa ni pa wengine," alisema.

Hapo ndipo Isihaka alipoiona miezi yote ile, mvua yote ile, alama zote za vema. Wamegawana mazoezi. Kila mmoja amefanya aina moja, na wenzake wamenakili. Kiti chake kilikuwa karibu lakini hakukaa. Akasema neno ambalo baadaye alilitafutia njia ya kulirudisha na hakuipata.

"Kumbe tangu Januari nafuga wezi."

Darasa lililozoea kuitikia kila kitu halikuitikia. Mwizi huku si neno la kuchezea. Mwizi wa kuku amewahi kukimbizwa na mji mzima hapa. Theodosia alirudi kwenye safu ya tatu, akakusanya vitu vyake taratibu, akasubiri kengele kama wengine. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Wiki ikapita, ikafuata nyingine. Isihaka alijiambia kwamba ana wanafunzi wengi, na mmoja akijitoa ni mambo ya kawaida ya msimu. Aliendelea kujiambia hivyo mpaka siku ile Madamu Winifrida, akipitia mahudhurio, aliposema bila kuinua kichwa kwamba Niyubahwe asiporudi si vibaya sana, angalau wastani wa shule utapanda kidogo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu mvua. Isihaka alitoka nje, akampigia Zuleha, akamwambia wiki hii haji.

"Umepata mke mwingine huko milimani?"

Akamweleza. Zuleha akamwambia mtu aliyemtukana mtoto wa mwenzake huenda kwa miguu yake, hatumi salamu.

Jumamosi alishuka bondeni. Ilikuwa Agosti, huko juu ardhi imekauka na kupasuka, na watu wote wako mabondeni ambako unyevu haujaondoka, wakilima maharage ya kiangazi. Aliwaona kwa mbali, wamejipanga mstari mmoja, wanaume kwa wanawake, majembe yakipanda pamoja na kushuka pamoja. Theodosia alikuwa katikati. Mzee Nduwayezu alikuwa mwisho wa mstari, mfupi, mkavu, shati amelifunga kiunoni.

"Mwakeye, mzee," Isihaka alisalimia kwa Kiha chake kidogo.

"Karibu, mwalimu. Umekuja kumtafuta mwizi wako?"

Mstari mzima ulisikia. Majembe hayakusimama, lakini yalipunguza mwendo, na mama mmoja akakohoa kicheko. Isihaka alisimama kwenye tope na viatu vyake vya shule, akaona ni haki yake, akavumilia.

Nduwayezu hakumzuia kuzungumza na binti. Alimwita tu Theodosia, akamwonyesha kwa kidevu, akaendelea kulima. Theodosia alikuja na jembe mkononi. Hakulia, hakuinamisha kichwa. Huenda bondeni alikuwa mtu mwingine, au huenda hapa ndipo alipokuwa yeye.

"Mwalimu, mwizi anachukua mwenye mali asijue. Sisi kila mtu alijua."

Akamweleza. Huku kwao hakuna anayelima peke yake. Leo wote wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yaishe, ndiyo ikibiri. Anayekulimia siku anakudai siku, mpaka umlipe kwa jasho lako. Na kila mtu anapewa kazi anayoiweza: mwenye nguvu anavunja ardhi mpya, mwenye mikono miepesi anapalilia. Sasa mvua zilipoanza, wazazi wakawataka shambani, mwalimu naye akatoa mazoezi kila siku. Yeye Theodosia ndiye aliyesema, kwa nini tusifanye ikibiri? Wakajigawa kwa kazi anazoziweza kila mmoja. Aliwapa wenzake mabano yake na wao wakampa milinganyo yao. Hakuna aliyemdai mwenzake. Walidhani wanafanya jambo jema.

Isihaka alikaa kwenye tuta. Alitafuta hasira yake ya Julai akakuta haipo, uchovu tu ndio uliobaki mahali pake.

"Neno lile nimelifuta," alisema. "Sikuwa na haki nalo."

Theodosia aliitikia kwa kichwa.

"Lakini nikuulize," Isihaka akaendelea. "Shamba likishalimwa, linajali nani kalilima?"

"Halijali."

"Mtihani unajali. Siku ile Fidele hatakaa kwenye meza yako akulimie."

Binti alitazama ule mstari wa watu kwa muda. Mama aliyekohoa kicheko alikuwa amechoka kuvunja ardhi, na kijana aliyekuwa nyuma akipalilia alipita mbele akampokea.

"Basi tuzunguke," alisema Theodosia. "Ikibiri ibaki, lakini kazi zizunguke. Mwenye mabano amfundishe asiye nayo, wiki inayofuata wabadilishane."

Lilikuwa jambo jepesi, na Isihaka alijiuliza kwa nini hakuliona yeye mwenye cheti. Jibu alilijua. Hakuwahi kuwauliza, aliwasikia tu wakiitikia.

Nduwayezu alikubali binti arudi, lakini alitoa neno lake akiwa amesimama, jembe begani. Mwaka aliompa haujaisha, hawezi kuuvunja. Novemba akipita, Mungu asifiwe. Akianguka, mwalimu asikanyage tena shamba hili na chaki yake. Isihaka akasema amesikia.

Miezi iliyofuata haikuwa ya kuimba. Vikundi vilikaa chini ya mikaratusi baada ya masomo, kila kimoja na ubao wake wa bati kuukuu na mkaa wa kuandikia. Mwanzoni walirudi nyuma. Fidele akiwa mwalimu wa mafumbo alitaka aitwe profesa, na wenzake wakakataa kujifunza mpaka aache. Asiyejua alitakiwa aseme sijui, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko hesabu yenyewe, kwa maana kumwambia mkubwa kwamba hukumwelewa ni kama kumwambia amepika vibaya. Isihaka alianza yeye. Alikosea makusudi ubaoni, akasimama, akasema hajui, nani amsaidie. Mara ya kwanza walidhani anawatega. Mara ya nne Theodosia aliinua mkono.

Lakini saa ni chache, na saa iliyokwenda kwenye aljebra ilitoka mahali pengine. Maumbo aliyapitia mbiombio, logi hakuzifikia kabisa. Ijumaa zake Kasulu zilipungua. Alipofika huko alilala, Zuleha akashona huku akiimba polepole asimwamshe. Oktoba mvua zikarudi, na mkono ukaanza tena kumuuma begani.

Siku ya mtihani wa hisabati, Novemba, alisubiri nje ya uzio pamoja na mbuzi wa mlinzi. Theodosia alitoka miongoni mwa wa mwisho. Akamwambia maswali yote ya mabano, ya milinganyo na ya mafumbo ameyafanya, mwenyewe, hatua kwa hatua. Yale mengine aliyatazama tu. Alisema hivyo bila kulaumu, na Isihaka alitamani angelaumu.

Matokeo yalitoka Januari. Wengi wa vile vikundi walipita. Fidele alipita, na kijiji kizima kilijua kabla ya jioni. Isihaka alishuka na kidole kwenye skrini ya simu ya Madamu Winifrida mpaka akalifikia jina. Kiswahili Theodosia alipata. Mengine, yanayoulizwa kwa Kiingereza, yalimshinda. Ili avuke alihitaji masomo mawili, na la pili, hisabati, lilikuwa limekosekana kwa kidogo.

Madamu alivaa miwani, akavua tena. Alisema bado kuna njia ya watahiniwa wa kujitegemea, ule mtihani wa maarifa unaomfungulia mtu njia ya kufanya wa kidato cha nne, lakini huo unataka mtu wa kumfundisha nje ya shule, na unataka mzazi anayekubali. Alisema hayo akimtazama Isihaka kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlima na kumwonea huruma.

Usiku huo alizungumza na Zuleha. Alimweleza kwamba anafikiria kuzitoa Jumamosi zake kumfundisha Theodosia. Alitegemea ugomvi. Zuleha akapumua kwenye simu.

"Cherehani haina miguu, mimi ninayo. Jumamosi nitapanda mimi huko. Ila uwe umepika."

Jumamosi ya kwanza alikwenda kwa Nduwayezu. Mahindi yalikuwa ya magotini, na watu walikuwa kwenye mstari wakipalilia. Isihaka alikuwa ameazima jembe kwa mlinzi wa shule. Hakusalimia kwa kirefu. Aliingia mwisho wa mstari, mahali palipokuwa wazi, akaanza kulima.

Hakuna anayefukuzwa kwenye mstari wa ikibiri, na Nduwayezu alilijua hilo kuliko yeye. Alimtupia jicho, akakaza mdomo, akaendelea. Theodosia, upande wa pili, alisimamisha jembe mara moja tu. Jua likapanda. Viganja vya Isihaka vilivyozoea chaki vilivimba, vikapasuka, na kila alipoinua kiuno alijuta kuzaliwa kando ya ziwa ambako watu huvuta nyavu wakiwa wamekaa. Alikata mizizi ya mahindi mawili matatu pamoja na magugu. Mama aliyekuwa kando yake kwenye mstari aliyaona, akayafukia haraka kwa mguu, akamkonyeza.

Walipumzika kwa viazi na maharage. Nduwayezu alikuja akakaa karibu naye.

"Mstari wako umepinda kama njia ya mbuzi."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikwambia usije na chaki."

"Sikuja nayo. Nimekuja na jembe." Isihaka alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Nimekulimia siku, mzee. Sasa nakudai siku."

Waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Nduwayezu aliguna, akacheka kwa pua.

"Una shamba wapi wewe? Ubaoni?"

"Shamba langu ni huyo." Alimwonyesha Theodosia. "Jumamosi moja nilime kwako, Jumamosi moja unilipe kwa mikono yake, aje asome. Kuna mtihani mwingine. Hauna sare, lakini ni mtihani."

Mzee alichukua kiazi, akakimenya, asikile. Aliuliza, kwa sauti iliyopoteza ukali wake, kama akianguka tena itakuwaje. Isihaka alitaka kusema hataanguka. Alikuwa amesema maneno mengi ya namna hiyo mwaka mzima, na alikuwa amechoka nayo.

"Sijui, mzee."

Nduwayezu alimtazama muda mrefu, akatazama viganja vile vilivyopasuka, akatazama mstari uliopinda. Kisha akamgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa kando na wanawake, jembe limelala mapajani.

"Mwana wanje, mwanangu," alimwita, kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Jumamosi ijayo mstari wako nitaulima mimi. Na kila itakayokuwa ya mwalimu, nitaulima mimi. Wewe utakwenda kusoma. Nimesema mbele ya watu."